Kicheko na Haki ya Kujibu: Mchezo wa All in the Family na Watazamaji Wake

Miongoni mwa maswali ya kale katika uhakiki wa michezo ya kuchekesha ni hili: mchezo unapomleta mbele ya watu mtu mwenye tabia mbaya ili acheke­we, je, kicheko kile humshusha au humkweza? Swali hili aghalabu huulizwa kwa nadharia tupu, na majibu yake huwa mengi kwa kuwa hayana ushahidi. Lakini mwaka 1971 taifa zima liliulizwa swali hilo kwa vitendo, sebuleni mwa watu, juma baada ya juma. Majibu yake yaliandikwa magazetini, yakapimwa na wataalamu wa vyuo vikuu, na moja likanaswa na vinasa sauti katika ofisi ya Rais. Mchezo wenyewe ni All in the Family, ulioasisiwa na Norman Lear na kuanza kuonyeshwa nchini Marekani na shirika la televisheni la CBS tarehe 12 Januari 1971. Watazamaji waligawanyika juu yake tangu siku za mwanzo. Makala haya yanachunguza mgawanyiko huo, si kwa kuhesabu upande upi ulikuwa na watu wengi, bali kwa kutafuta ndani ya mchezo jambo lililouzaa.

Nyumba ya mchezo huu ni ya Archie Bunker, nyapara wa wapakia mizigo anayekaa Queens, katika jiji la New York. Ni mzungu wa tabaka la wafanyakazi, alipigana katika Vita Kuu ya Pili, huiheshimu bendera ya nchi yake, na huamini kwamba dunia ilianza kuharibika siku watu wengine walipoanza kudai haki. Mkewe Edith ni mwanamke mwenye moyo mweupe, ambaye kila mara huamriwa anyamaze. Binti yao Gloria ameolewa na Michael Stivic, kijana wa asili ya Kipolandi, mwanafunzi wa chuo, ambaye hula na kulala kwa mkwewe na kupingana naye katika kila jambo. Wahusika hawa wanne waliigizwa na Carroll O'Connor, Jean Stapleton, Sally Struthers na Rob Reiner. Kwa Archie hakuna kabila wala dini isiyo na jina lake la dharau. Wayahudi, watu weusi, Wapolandi, Waitalia na watu wa Puerto Rico, wote wana majina, naye huyatamka mezani pake kama mtu aombaye chumvi.

Ili kufahamu mshtuko uliowapata watazamaji, yafaa kukumbuka walichokuwa wamezoea. Michezo ya kuchekesha ya televisheni ya Marekani katika miaka ya 1960 ilikuwa imejaa mambo ya ajabu yasiyomgusa mtu. Mister Ed, ulioanza mwaka 1961, ulikuwa na farasi asemaye. The Beverly Hillbillies, ulioanza mwaka 1962, uliwachukua maskini wa milimani waliovumbua mafuta ukawapeleka kukaa na matajiri. Bewitched, wa mwaka 1964, ulikuwa na mke mchawi. Wakati huo huo mtaa wa Watts katika Los Angeles uliwaka moto mwezi Agosti 1965, Detroit ikawaka mwezi Julai 1967, Martin Luther King akauawa mwezi Aprili 1968, na vijana wakapelekwa Vietnam. Mtazamaji aliyefunga taarifa ya habari na kufungua mchezo wa kuchekesha alihama kutoka nchi moja hadi nyingine. Lear alizileta nchi hizo mbili chini ya paa moja, na ugomvi wa barabarani ukaketi mezani pamoja na familia.

Wazo hilo halikuzaliwa Marekani. Lilitoka Uingereza, ambako Johnny Speight alikuwa ameandika kwa ajili ya BBC mchezo wa Till Death Us Do Part, ulioonyeshwa kwa majaribio mwaka 1965 na kuwa mfululizo kuanzia mwaka 1966. Mhusika wake mkuu, Alf Garnett, ni mkazi wa mashariki ya London mwenye kuwachukia wageni na kumtukuza Malkia. Aliyemwigiza, Warren Mitchell, alikuwa Myahudi. Huko nako kulitokea jambo ambalo lingetokea tena ng'ambo ya bahari: wapo waliomshangilia Alf kwa sababu alisema waliyotamani kuyasema wao, wasitambue kwamba waliokuwa wakichekwa ni wao. Lear alipopata habari za mchezo ule alimwona ndani yake baba yake mzazi, ambaye naye alikuwa hodari wa kuwanyamazisha watu wa nyumbani mwake. Shirika la ABC liligharimia majaribio mawili, mwaka 1968 na mwaka 1969, kisha likaukataa. CBS iliupokea kwa hofu. Kabla ya sehemu ya kwanza kuanza, watazamaji walisomeshwa tangazo lililoeleza kwamba mchezo ulikusudia kuyamulika kwa ucheshi mapungufu na chuki za watu, ili ionekane jinsi zilivyo upuuzi. Wapokeaji simu wa ziada waliwekwa tayari kuyapokea malalamiko. Mafuriko yaliyongojewa hayakuja.

Tangazo lile lastahili kuangaliwa kwa makini, kwa maana ni uhakiki wa kwanza wa mchezo huu, na uliandikwa na wenye mchezo wenyewe. Linamwambia mtazamaji namna ya kucheka kabla hajacheka. Linakiri, bila kutaka, kwamba kicheko chaweza kwenda njia nyingine. Kama maana ya mchezo ingalikuwa dhahiri, tangazo lisingalihitajiwa. Na kama maana haikuwa dhahiri, maneno machache yaliyosomwa mara moja usiku wa kwanza yasingaliweza kuilinda kwa miaka.

Maoni yaliyofuata yaweza kugawanywa katika mafungu manne. La kwanza ni la walioufurahia kwa sababu ulisema kweli. Gazeti la Variety, ambalo husomwa na watu wa kazi ya michezo, liliusifu sana. Kwa watu hawa Archie alikuwa ni jirani, mjomba au baba waliyemjua, na kumwona kwenye kioo cha televisheni kulikuwa kama kufunguliwa dirisha katika chumba kilichofungwa siku nyingi.

Fungu la pili ni la waliouogopa. Siku ile ile ya kuanza kwake, gazeti la New York Times liliuliza kama ubaguzi ni jambo la kuchekesha, na mwandishi akaelekea kujibu kwamba sivyo. Whitney Young, kiongozi wa National Urban League, chama kilichotetea kazi na makazi ya Wamarekani weusi, alilaumu kwamba ni kukosa busara kuutoa mchezo wa namna hiyo wakati taifa lilikuwa limepasuliwa na ubaguzi. Young hakuishi kuona mwisho wa majira yale ya kwanza. Alikufa maji mjini Lagos tarehe 11 Machi 1971, miezi miwili baada ya mchezo kuanza. Hoja yake lakini haikuzama pamoja naye. Mtu aliyetumia maisha yake kuwatafutia wenziwe kazi kwa waajiri weupe alikuwa na sababu ya kuuliza waajiri hao wangeingia ofisini asubuhi na kicheko gani.

Fungu la tatu ni dogo, lakini hoja yake ni kali kuliko zote. Mwezi Septemba 1971 Laura Z. Hobson, aliyetunga mwaka 1947 riwaya ya Gentleman's Agreement juu ya chuki dhidi ya Wayahudi, aliandika katika New York Times kwamba kosa la mchezo si ukali bali ni utamu. Alionyesha kuwa majina ya dharau anayotumia Archie ni yale mepesi, na kwamba yale mazito ambayo wabaguzi wa kweli huyatumia hayasikiki kinywani mwake. Kwa hiyo, alisema, mchezo umemwosha mbaguzi, umemvika nguo safi, kisha umemkaribisha sebuleni apendwe. Lear alimjibu katika gazeti hilo hilo mwezi uliofuata. Kiini cha utetezi wake ni kwamba wabaguzi wengi si majitu ya kutisha, bali ni watu tunaokula nao na kuwapenda, na kwamba kumchora mbaguzi kama shetani ni kumpa mtazamaji nafasi ya kusema, huyo si mimi.

Fungu la nne halikuandika makala, ila lilisema kwa njia nyingine. Ni la watu waliompenda Archie kwa sababu walikubaliana naye. Vifungo vya nguoni na fulana za kumtaka Archie Bunker awe Rais viliuzwa wakati wa uchaguzi wa mwaka 1972. Yamkini wengi waliovivaa walifanya mzaha, lakini si wote. Wakati huo huo jarida la Ebony, lenye wasomaji wengi miongoni mwa Wamarekani weusi, liliuliza mwezi Juni 1972 kama Archie Bunker ndiye sura halisi ya Marekani nyeupe. Wengine walikuwa wakiuliza kama mchezo unachekesha. Ebony iliuliza kama ni kweli.

Mwaka 1974 Neil Vidmar na Milton Rokeach walichapisha uchunguzi uliofanywa kwa vijana wa mji mdogo katika majimbo ya kati ya Marekani na kwa watu wazima wa mji wa London katika jimbo la Ontario, Kanada. Waliwauliza watazamaji wanamstahi nani, nani husema maneno yenye maana zaidi, Archie au Mike, na nani hushinda mwisho wa mabishano. Walikuta kwamba wenye chuki nyingi na wenye chuki kidogo waliufurahia mchezo kwa kiasi kimoja. Lakini wenye chuki nyingi walielekea zaidi kumstahi Archie na kumwona mshindi. Uchunguzi huo haukuthibitisha kwamba mchezo uliwafanya watu kuwa wabaguzi, wala haifai kuutwika mzigo huo. Ulionyesha jambo jembamba zaidi na zito zaidi: kila mtu aliingia katika nyumba ya Bunker na mzigo wake, akatoka nao.

Wapo wanaoona kwamba ushahidi huu unafunga mjadala. Husema kwamba mtazamaji huona anachotaka kuona, na mtunzi hana lawama. Hoja hiyo ni nyepesi mno. Kama ingekuwa kweli kwa ukamilifu wake, basi hapangekuwa na tofauti baina ya mchezo uliotungwa vizuri na uliotungwa vibaya, wala mhakiki asingekuwa na kazi. Kazi ya mhakiki hapa ni kuuliza ni wapi hasa ndani ya mchezo huu mlango uliachwa wazi, na ni wapi ulifungwa.

Mlango wa kwanza uliachwa wazi na umbo lenyewe. Tashtiti, yaani ucheshi unaokusudia kumfichua mwovu, hutaka ashindwe. Mchezo wa mfululizo wa televisheni hutaka arudi Jumanne ijayo. Archie hawezi kuangamizwa, kwa maana mchezo ungekwisha. Hawezi kutubu kwa dhati, kwa maana angekuwa mtu mwingine. Hushindwa kidogo kila juma, kisha huketi tena katika kiti chake, na mtazamaji humzoea kama alivyokizoea kiti hicho. Mazoea huzaa mapenzi. Kipawa cha O'Connor kiliyazidisha mapenzi hayo, kwa kuwa alimwigiza Archie si kama mpumbavu bali kama mtu mwenye hofu, aliyechoka, ambaye dunia imemwacha nyuma bila kumpa taarifa. Hapo Lear na Hobson wote wawili wana haki. Lear ana haki kwamba mbaguzi ni binadamu. Hobson ana haki kwamba mchezo ulimpa Archie ubinadamu mwingi kuliko uliowapa wale aliowatukana, kwa sababu yeye alikuwapo kila juma, na wao hawakuwapo.

Mlango wa pili uliachwa wazi na sauti ya kicheko chenyewe. Mchezo uliigizwa mbele ya watu waliokaa ukumbini, na vicheko vyao vilirekodiwa katika kanda pamoja na maneno ya waigizaji. Archie anapoboronga neno kubwa kwa kujifanya msomi, ukumbi hucheka. Anapolitamka jina la dharau, ukumbi hucheka pia. Kicheko cha kwanza kinamcheka Archie. Cha pili je? Sikio la mtazamaji aliye nyumbani haliwezi kuvitofautisha. Mbaguzi aliyeketi peke yake sebuleni anasikia mamia ya watu wakicheka pamoja naye, na hapana anayemnong'oneza kwamba wao wanacheka kwa sababu nyingine.

Mtu anayefikiri kwa Kiswahili ana kipimo kizuri cha kulitazama jambo hili. Lugha hii haina neno moja tu la kutaja kicheko cha kumgusa mtu. Mzaha si dhihaka, dhihaka si kejeli, na yote hayo si utani. Utani, kama unavyojulikana baina ya makabila na koo nyingi za Tanzania, humpa mtu ruhusa ya kumtukana mwenziwe maneno ambayo kwa mwingine yangeleta ugomvi. Lakini ruhusa hiyo ina masharti mawili. La kwanza ni kwamba mtani hutukanwa akiwapo, naye ana haki ya kurudisha, na kurudisha kwake hakumtoi mtu katika adabu. La pili ni kwamba utani ni deni. Mtani yule yule anayemfanyia mzaha mfiwa msibani ndiye mwenye wajibu wa kushika kazi za mazishi. Ukiliondoa sharti la kwanza, utani hugeuka kuwa usengenyaji. Ukiliondoa la pili, hugeuka kuwa dharau. Wahenga walilijua hilo waliposema kwamba mzaha mzaha hutumbua usaha.

Archie Bunker anatukana kama mtani, lakini aghalabu hana mtani. Wayahudi, watu weusi na wengine anaowataja wako nje ya chumba. Anayejibu kwa niaba yao ni Mike, kijana mweupe mwenye elimu, anayekula chakula cha mtu anayempinga. Hapa ndipo udhaifu mkubwa wa mchezo ulipo. Mbaguzi anayetazama hana haja ya kuipima hoja ya Mike. Anaweza kuitupa kwa kumtazama msemaji wake: mvivu, mlaji wa bure, mwenye ndimi za vitabu. Si ajabu kwamba wachunguzi walipouliza ni nani husema maneno ya maana, Archie au Mike, watu wenye chuki walikuwa na jibu tayari. Walipewa kuchagua baina ya mfanyakazi na mwanafunzi anayemtegemea, wakamchagua mfanyakazi.

Lakini sehemu ya kwanza kabisa, iliyoonyeshwa usiku ule wa Januari, ina kipande kinachoonyesha kwamba mtunzi aliijua dawa. Lionel Jefferson, kijana mweusi jirani, anawaeleza Mike na Gloria jinsi Archie apendavyo kumuuliza atakuwa nani maishani. Lionel anasomea uhandisi wa umeme. Naye humjibu Archie hivyo hivyo, ila kwa matamshi ya kizamani ya mtu mweusi mjinga ambayo Archie hutarajia kuyasikia. Archie huenda zake ameridhika, asijue kwamba amechezewa. Kipande ni kifupi, nacho hakina mahubiri. Lakini mbaguzi wa sebuleni hana mahali pa kujificha ndani yake. Akicheka matamshi yale, basi amecheka pale pale Archie anapocheka, na Lionel amekwisha kumwona. Mwenye kutukanwa yumo chumbani, ana akili kuliko mwenye kutukana, na mtazamaji amefanywa mshiriki wa siri yake.

Kipimo hicho kinaeleza pia jibu la mtazamaji mmoja mashuhuri. Tarehe 9 Februari 1971 ilionyeshwa sehemu ambayo Archie anamshuku rafiki wa Mike kwa ulaini wa mwenendo wake kuwa ni mwanamume anayependa wanaume, kisha inadhihirika kwamba anayependa wanaume si huyo, bali ni Steve, rafiki yake Archie mwenyewe, aliyekuwa mchezaji wa mpira wa Kimarekani na mwenye nguvu za kupigiwa mfano. Wa kumwambia Archie si Mike peke yake. Steve mwenyewe anamthibitishia, uso kwa uso, mikono yao ikiwa imeshikana katika kushindana nguvu, na Archie anakataa kusadiki. Tarehe 13 Mei 1971 Rais Richard Nixon aliizungumzia sehemu hiyo kwa hasira na wasaidizi wake Haldeman na Ehrlichman, na vinasa sauti vya ofisi yake vikayahifadhi maneno yake. Alilalamika kwamba mchezo unawatukuza watu wa namna hiyo. Twaa ushahidi huu jinsi ulivyo: mtazamaji huyu hakuwa rafiki wa mtunzi, lakini hakukosea kujua mchezo umesimama upande gani. Kwa nini yeye aliuona wazi ujumbe ambao wenziwe wenye mwelekeo kama wake waligeuza kuwa sifa za Archie? Kwa sababu safari hii aliyedharauliwa alijibu mwenyewe, na jibu lake halikuweza kutupwa kwa kumdharau msemaji.

Vivyo hivyo tarehe 19 Februari 1972, Sammy Davis Jr., mwimbaji na mwigizaji mweusi aliyekuwa ameingia dini ya Kiyahudi, alikuja katika mchezo huo kama yeye mwenyewe. Archie, kwa ukarimu wake wa kipumbavu, anajitahidi kumstahi mgeni na kumtukana kwa kila jitihada. Davis anamjibu kwa upole wenye wembe. Mwisho, wanapopigwa picha, anambusu Archie shavuni, na kicheko cha ukumbi kinakuwa kikubwa na kirefu. Hapana mtu anayeweza kudai kwamba watu wale walikuwa wakicheka pamoja na Archie.

Pingamizi moja lastahili kusikilizwa. Wapo watakaosema kwamba sanaa yenye maana mbili ni tajiri kuliko yenye maana moja, na kwamba kutaka kila kicheko kifungwe ni kutaka hotuba badala ya mchezo. Ni kweli kwamba utata ni heshima katika ushairi na katika riwaya. Lakini msomaji anayelikosea shairi hujidhuru mwenyewe. Anayekosea kicheko cha Archie anamdhuru mtu wa tatu, ambaye hakuwapo sebuleni na ambaye kesho atakutana naye dirishani pa kuombea kazi au kupanga nyumba. Hilo ndilo Young alilolisema, na hapana ustadi wa uigizaji unaolifuta. Kwa upande mwingine, Young angeweza kujibiwa kwamba kimya cha miaka iliyotangulia hakikuwa amani. Farasi asemaye hakumtukana mtu mweusi, lakini wala hakumtaja. Mchezo uliovunja kimya hicho ulistahili lawama kwa namna ulivyosema, si kwa kusema.

Yaelekea mchezo wenyewe ulijifunza. Mwaka 1973 aliingia George Jefferson, baba yake Lionel, mfanyabiashara mweusi mwenye kiburi na chuki zake, anayemrudishia Archie tusi kwa tusi. Sasa nyumba ya Bunker ilikuwa imepata mtani wa kweli. Tarehe 18 Januari 1975 familia hiyo ya jirani ilipewa mchezo wake, The Jeffersons, ambao uliendelea kwa miaka kumi. Watu waliokuwa wakitajwa tu walipewa mlango wao, meza yao na haki ya kuwa wabaya kwa namna yao wenyewe.

Historia iliyobaki inajulikana. Mchezo ulioanza na watazamaji wachache ulipata wengi uliporudiwa majira ya joto ya mwaka 1971, ukatunukiwa tuzo za Emmy mwaka huo, kisha ukawa wa kwanza kwa idadi ya watazamaji katika majira matano mfululizo, tangu 1971 hadi 1976. Mwaka 1978 viti vya Archie na Edith vilipelekwa kuhifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington. Mwaka 1979 mfululizo ulimalizika kwa jina lake la kwanza. Lear alifariki mwezi Desemba 2023, akiwa na umri wa miaka 101. Wingi wa watazamaji hauamui kesi iliyojadiliwa hapa, kwa maana, kama uchunguzi wa mwaka 1974 ulivyoonyesha, wingi ule ulikuwa na watu wa pande zote mbili.

Fundisho lake ni la watunzi wa michezo ya kuchekesha popote walipo, na hapana sababu ya kuliona kuwa la Marekani peke yake. Katika Afrika Mashariki vichekesho vya redio na vya televisheni vimechuma sana katika lafudhi za makabila: huyu hawezi kuitamka herufi fulani, yule hupenda fedha kupita kiasi, mwingine hujigamba kwa elimu yake. Watazamaji hucheka, na watunzi hujitetea kwamba ni utani tu. Pengine ni utani, na pengine sivyo. Mhakiki anayetaka kujua asianze kwa kuhesabu vicheko, wala asitosheke na nia njema ya mtunzi. Atazame ndani ya mchezo kama mwenye lafudhi ile ana neno lake la kurudisha, na kama neno hilo limepewa nguvu sawa na tusi lililomtangulia. Asipolikuta, basi jina la utani limeazimwa bila masharti yake.